Makao ambamo hakuna mzee anayeanguka: kusoma ubora na usalama wa huduma

Ukiambiwa kwamba katika makao fulani ya wazee hakuna aliyeanguka mwaka mzima, usifurahi haraka. Uliza kwanza ni wangapi kati yao wanaosimama na kutembea. Mtu anayeinuka mwenyewe kwenda msalani, anayepita koridoni akishika ukuta, anayetoka nje kuota jua, siku moja anaweza kujikwaa. Anayeshinda kwenye kiti kuanzia kifungua kinywa hadi usiku hataanguka. Kwenye ripoti ya mwisho wa mwaka, huyu wa pili ndiye anayeonekana salama.

Usalama na ubora wa huduma hutajwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja, lakini mara nyingi huvutana. Familia nyingi zinazotafuta mahali pa kumpeleka mzazi hazijawahi kuelezwa mvutano huo. Matokeo yake zinachagua kwa kuangalia sakafu inayong'aa na cheti kilichotundikwa ukutani, na mambo yatakayoamua kama mzazi wao ataishi vizuri yanabaki bila kuulizwa.

Kuanguka kwa mzee si jambo dogo. Mfupa wa nyonga ukivunjika, wengi hawarudi kwenye mwendo waliokuwa nao, na baadhi hufariki kabla mwaka haujaisha. Kwa hiyo hofu ya wahudumu na ya familia ina msingi. Shida iko kwenye njia iliyotumika kuituliza hofu hiyo. Nchini Marekani, hadi miaka ya 1980, ilikuwa kawaida wazee kufungwa mikanda kwenye viti na vitanda, na maelezo yalikuwa kwamba wanalindwa. Mwaka 1986 taasisi ya Institute of Medicine ilitoa ripoti nzito kuhusu hali ya makao hayo, na mwaka uliofuata Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria iliyompa mkazi haki ya kutofungwa wala kulemazwa kwa dawa kama adhabu au kwa ajili ya kuwarahisishia wafanyakazi kazi. Mwaka 1992 Mary Tinetti na watafiti wenzake walichapisha matokeo yaliyoondoa kisingizio kilichobaki: majeraha makubwa ya kuanguka yalionekana zaidi kwa wakazi waliokuwa wakifungwa kuliko kwa wale walioachwa huru.

Sababu yake inaeleweka ukifikiria mwili wenyewe. Misuli ya mzee isiyotumika hunyauka ndani ya siku chache, na mizani ya mwili hupotea pamoja nayo. Siku anapojinasua, au anapofunguliwa ili akaogeshwe, miguu haimbebi tena. Reli za kitanda nazo zina hatari hiyohiyo. Mtu aliyechanganyikiwa hazioni kama kinga bali kama kizuizi, hupanda juu yake na kuanguka kutoka mahali pa juu zaidi, au hubanwa kati ya reli na godoro. Wapo waliokufa hivyo.

Kinachopunguza kuanguka kweli ni kazi ndogondogo zisizopigwa picha. Mazoezi ya kuimarisha miguu. Kupima kama shinikizo la damu linashuka mtu anaposimama. Kupitia dawa zake, hasa za usingizi. Viatu vinavyokaa vizuri mguuni, miwani safi, taa inayowaka njiani kuelekea chooni, kitanda kilichoshushwa chini. Na zaidi ya yote, mtu wa kumsindikiza chooni kabla hajalazimika kukimbilia, kwa sababu kuanguka kwingi hutokea hapo, katikati ya kitanda na choo.

Glasi ya maji mezani

Daktari Avedis Donabedian alipendekeza mwaka 1966 njia ya kutazama ubora wa huduma ambayo hadi leo inatumika duniani kote. Alisema tutazame mambo matatu: miundo, yaani majengo, vifaa na watu waliopo, utendaji, yaani kile hasa anachofanyiwa mgonjwa, na matokeo, yaani hali yake baada ya hapo. Inasikika kama nadharia ya darasani mpaka uichukue na kuiweka chumbani kwa mzee mmoja.

Mezani kuna glasi ya maji. Huo ni muundo, na mkaguzi akipita ataweka alama ya vema. Lakini je, glasi iko mahali mkono wake unapofika? Je, vidole vyenye baridi yabisi vinaweza kuishika? Kuna mtu aliyemnywesha leo, akakaa naye hadi akameza? Huo ni utendaji, na karatasi ya ukaguzi mara nyingi haiuoni. Matokeo yatajitokeza siku chache baadaye: ulimi mkavu, mkojo mzito wenye rangi ya chai, usingizi wa mchana usio wa kawaida, kuchanganyikiwa kwa ghafla ambako familia itadhani ni uzee unaongezeka.

Kadiri umri unavyosonga, hisia ya kiu hupungua. Mzee anaweza kukauka mwilini bila kuomba maji hata mara moja. Tena wapo wanaokataa kunywa kwa makusudi, na mara nyingi wanayo sababu nzuri: wanajua kwamba wakinywa watahitaji kwenda chooni, wakibonyeza kengele watasubiri, na wakisubiri watajilowanisha. Hapo aibu hushinda kiu. Mwili usio na maji ya kutosha hukaribisha maambukizi ya njia ya mkojo na kufunga choo, maambukizi huleta kuchanganyikiwa, na aliyechanganyikiwa huinuka usiku na kuanguka. Kwenye faili kitaandikwa chanzo kimoja, “alianguka”, na hatua iliyochukuliwa itakuwa kumwekea reli. Hakuna atakayeandika kwamba mnyororo ulianzia kwenye kengele isiyojibiwa.

Ndiyo maana ningeambiwa nichague kipimo kimoja tu cha ubora wa makao, ningechagua muda unaopita kati ya kengele kulia na mtu kufika. Ndani yake kuna kila kitu: idadi ya wahudumu, moyo wao, mpangilio wa zamu, na heshima ya mzee.

Vidonda vya kulalia

Kidonda cha kulalia hutokea ngozi na nyama zinapobanwa kati ya mfupa na godoro au kiti hadi damu ikakosa njia. Saa chache zinatosha kuanza madhara kwa mtu dhaifu. Sehemu zinazowahi kuumia ni visigino, nyonga, makalio na kifandugu. Kwa kawaida wahudumu hufundishwa kutafuta wekundu usiopotea ukibonyezwa kwa kidole. Mafunzo hayo yana pengo kubwa: kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Huko inabidi kutumia mkono zaidi ya jicho, kuhisi kama eneo lina joto au baridi kuliko ngozi ya jirani, kama ni gumu au limelegea, kama mzee anashtuka kwa maumivu likiguswa, na kutazama kama rangi imekoza kuelekea zambarau. Asiyefundishwa hivyo atakiona kidonda kikiwa kimeshafunguka.

Kuna vipimo vya kutabiri hatari hii. Kinachojulikana zaidi, kilichotungwa na Barbara Braden na Nancy Bergstrom katika miaka ya 1980, hutazama mambo sita: hisia za mwili, unyevu wa ngozi, shughuli, uwezo wa kujigeuza, lishe, na msuguano wa ngozi na shuka. Alama huanzia 6 hadi 23, na kadiri zinavyokuwa chache ndivyo hatari inavyopanda. 18 kushuka chini huhesabiwa kuwa dalili ya hatari. Tazama jinsi mambo hayo sita yanavyogusa kazi za watu tofauti. Mpishi yumo, kwa sababu asiyepata protini ya kutosha ngozi yake haijengeki. Anayebadilisha nepi yumo, kwa sababu ngozi inayoloa hulainika na kuchubuka. Anayemvuta mzee kitandani badala ya kumwinua naye yumo. Kidonda kimoja kinaweza kusimulia nyumba nzima.

Lakini vipimo hujazwa kwenye karatasi, na karatasi huvumilia lolote. Fomu ya kumgeuza mgonjwa inapoonyesha kila saa mbili kamili, usiku kucha, kwa mwandiko mmoja na wino mmoja, bila dakika kuzidi wala kupungua, kuna uwezekano mkubwa ilijazwa yote asubuhi. Mzee halisi hageuzwi hivyo. Wakati mwingine amelala fofofo, wakati mwingine anakataa, wakati mwingine mhudumu yuko chumba kingine. Fomu ya kweli ina mapengo na maelezo, na mkaguzi mzuri huiamini zaidi ile yenye mapengo kuliko ile iliyonyooka.

Dawa za kumnyamazisha

Mwaka 1991 daktari Mark Beers na wenzake walitoa orodha ya dawa ambazo madhara yake kwa wazee kwa kawaida huzidi faida. Orodha hiyo iliandikwa kwanza kwa ajili ya wakazi wa makao ya wazee, kwa sababu huko ndiko watu hupewa dawa nyingi kwa wakati mmoja na wengi hawawezi kusema zinavyowafanya wajisikie. Ini na figo za mzee huondoa dawa polepole. Kidonge kinachompumzisha mtu wa miaka 40 usiku mmoja kinaweza kumwacha wa miaka 85 akiyumba hadi mchana wa kesho yake.

Sehemu chungu zaidi ni dawa za magonjwa ya akili kwa wenye dimenshia, yaani ugonjwa wa ubongo unaopokonya kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza aina mpya za dawa hizo ziwekewe onyo kali kabisa: wazee wenye dimenshia waliozitumia walikufa kwa kiwango cha takriban mara 1.6 hadi 1.7 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Mwaka 2008 onyo hilo likapanuliwa hadi kwa dawa za aina hiyo za zamani. Bado zinatumika, na kuna wakati zinastahili, mtu anapokuwa kwenye hofu kubwa au hatari ya kujiumiza na njia nyingine zimeshindwa. Lakini mara nyingi mno zinatumika kwa sababu mzee anapiga kelele na zamu ina watu wachache.

Mtu asiyeweza tena kupanga maneno husema kwa kelele. Huenda ana jino bovu. Huenda hajapata choo siku kadhaa, ana kiu, amelowa, anasikia baridi, au betri ya kifaa chake cha kusikia imekwisha na dunia nzima imenyamaza ghafla. Kila moja ya hayo ina suluhisho, na hakuna hata moja linalotibiwa na dawa ya kumlaza. Ukiona mzazi amekuwa “mtulivu sana siku hizi”, omba kuona orodha ya dawa zake, uulize iliyoongezwa ni ipi, kwa sababu gani, na lini itapitiwa tena. Kama jibu la swali la mwisho halipo, hiyo ni ishara mbaya.

Hesabu ya asubuhi

Mengi yaliyosemwa hapa hurudi kwenye hesabu ya watu. Chukua makao yenye wakazi 30 na wahudumu 3 zamu ya asubuhi. Kumwamsha mzee, kumpeleka chooni, kumwogesha, kumvisha na kumfikisha mezani kwa utu, bila kumburuta, ni nusu saa. Kwa wakazi 30 hizo ni saa 15 za kazi, yaani saa 5 kwa kila mhudumu, bila kupumzika, na kama hakuna hata mmoja anayehitaji watu wawili kumwinua. Ina maana wa mwisho atavishwa karibu na chakula cha mchana, au wote wataharakishwa. Hakuna mafunzo ya upendo yatakayobadilisha hesabu hiyo. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya serikali ya Marekani na kuwasilishwa mwaka 2001 ulikadiria kwamba mkazi anahitaji takriban saa 4.1 za huduma ya uuguzi na usaidizi kila siku ili asipate madhara yanayoepukika. Makao mengi duniani hayafiki hapo.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba wafanyakazi wawili kati ya watatu katika taasisi za kutunza wazee walikiri kuwa, ndani ya mwaka mmoja, waliwahi kuwatendea wazee vibaya kwa namna fulani. Namba hiyo inauma, na haipaswi kusomwa kama ushahidi kwamba kazi hii huvutia watu wakatili. Kumtendea mzee vibaya ni pamoja na kumpuuza, kumkaripia, kumvuta mkono, kumwacha alowe. Mtu mwema aliyechoka, anayelipwa kidogo na asiye na msimamizi wa kumsikiliza, hufika huko hatua kwa hatua. Hilo halimfutii kosa. Linaonyesha tu kwamba anayepanga zamu ofisini na anayepanga bajeti wana sehemu yao katika kofi lililopigwa chumbani.

Mwaka 2020 ugonjwa wa UVIKO-19 ulilionyesha jambo hili kwa namna ya kutisha. Wachunguzi wa afya walipofuatilia mlipuko wa mapema katika makao ya wazee huko Kirkland, jimbo la Washington, walitaja miongoni mwa sababu wafanyakazi waliokuja kazini wakiwa na dalili na wengine waliofanya kazi katika zaidi ya makao mamoja. Anayepoteza ujira akiugua atakuja kazini akiugua, na ambaye mshahara mmoja haumtoshi atatafuta wa pili kwenye makao mengine. Kwa hiyo malipo ya siku za ugonjwa ni kinga ya maambukizi kama ilivyo sabuni, ingawa huwezi kuyaona kwenye orodha yoyote ya vifaa.

Kuna pia hatari zinazotokea mara chache na kuua wengi kwa mkupuo. Septemba 2017, baada ya kimbunga Irma kukata umeme wa viyoyozi katika makao ya wazee jimboni Florida, wakazi waliachwa kwenye joto kwa siku kadhaa na 12 wakapoteza maisha, ilhali hospitali ilikuwa ng'ambo ya barabara. Jenereta, njia za kutokea moto ukiwaka na mpango wa kuwahamisha wasiotembea si mambo ya kuulizwa baadaye.

Namba zinazosomwa mbili mbili

Baada ya yote haya, turudi kwenye takwimu. Hazifai kutupwa, ila hakuna inayofaa kusomwa peke yake. Idadi ya walioanguka isomwe pamoja na idadi ya wanaotembea. Idadi ya vidonda isomwe pamoja na swali la vilianzia wapi, kwa sababu makao yanayopokea wagonjwa mahututi kutoka hospitali yatakuwa na vidonda ambavyo hayakuvisababisha. Idadi ya taarifa za matukio isomwe kinyume na unavyodhani: nyumba inayoripoti mara nyingi mambo madogo, kidonge kilichosahaulika, mtu aliyepaliwa akipewa uji, kiti kilichoteleza, huenda ni salama kuliko isiyoripoti kitu. Huko wafanyakazi hawaogopi kusema. Mahali ambapo anayekiri kosa hufukuzwa, makosa huendelea kama kawaida, tofauti ni kwamba hayaandikwi.

Kipimo kinachodharauliwa ni uzito wa mwili. Mzee anayepungua mwezi baada ya mwezi anakuambia kwamba meno yanauma, au amekata tamaa, au anapaliwa na hivyo anaogopa kula, au analishwa na mtu anayelisha wanne kwa zamu na kuondoa sahani kabla hajamaliza. Omba kuona jinsi uzito wake unavyobadilika. Ni mstari mmoja tu kwenye karatasi, na ni vigumu kuupamba.

Ukienda kutazama makao, nenda pia jioni au mwisho wa wiki, wakati ofisi imefungwa. Kisha mwombe mhudumu yeyote akusimulie kuhusu mkazi mmoja. Akikutajia ugonjwa na namba ya chumba, umejua jambo moja. Akikuambia kwamba yule pale alikuwa fundi, hapendi kuamshwa mapema, na akianza kukunja ncha ya shuka ujue anataka kwenda chooni, umejua lingine kabisa. Maarifa ya aina hiyo hujengwa na watu wanaokaa kazini muda mrefu, ndiyo maana swali la wangapi wameacha kazi mwaka huu lina uzito kuliko la ukubwa wa televisheni ya sebuleni.

Na mzee mwenyewe lazima awe na neno. Mwaka 1976 wanasaikolojia Ellen Langer na Judith Rodin walionyesha kwamba wakazi waliopewa nafasi ya kuamua mambo madogo na kutunza mmea wao wenyewe walikuwa wachangamfu zaidi kuliko wale waliohakikishiwa kwamba wafanyakazi watawafanyia kila kitu. Kuamua ni pamoja na kuamua kujiweka kwenye hatari fulani. Mzee mwenye akili timamu anayesema “heri nianguke nikienda bustanini kuliko kushinda kitini” ametoa uamuzi halali, na kazi ya makao ni kumwezesha aende kwa hatari ndogo iwezekanavyo. Kwa ambaye kumbukumbu imemtoka, inabidi kuuliza waliomjua angependa nini, kisha kuchagua njia inayombana kidogo kuliko zote.

Hapa familia nazo zibebe sehemu yao. Mara nyingi watoto ndio wanaosema “hakikisheni haanguki”, na kutishia kushtaki akichubuka goti. Makao yanayoogopa hivyo yatamweka kitini. Ni bora siku ya kumpokea mzee wakae pamoja, yeye, watoto na muuguzi mkuu, waandike kwa uwazi ni hatari zipi wanazikubali na kwa nini: atatembea bila kusindikizwa hadi wapi, atakula nini hata kama kumeza kuna shida, nani apigiwe simu na kwa jambo gani. Karatasi hiyo ipitiwe upya kila anapotoka hospitali, kwa sababu mara nyingi hurudi na miguu dhaifu kuliko aliyoenda nayo na dawa mpya ambazo hakuna aliyezilinganisha na za zamani.